Dagaa wa Kigoma si dagaa wa Mwanza: natoka PHP naingia Python, yaliyonikuta

MtuWaMizani (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Mimi ni mtu wa PHP, lugha ya kuprogramu. Mwaka wa tisa huu natengeneza vimfumo vya wafanyabiashara hapa Mwanza: stoo, mizani, risiti, madeni, mambo ya namna hiyo. Mteja wangu mkubwa ni mama mmoja mwenye godauni la dagaa jirani na Mwaloni, Kirumba. Juzi juzi kaniletea ombi jipya. Anataka ripoti ya mzigo iwe kwenye simu yake kila alfajiri kabla hajatoka nyumbani, na wadaiwa wakumbushwe kwa SMS bila mtu kukaa kuziandika. Kijana ninayefanya naye kazi akasema hii tuifanye kwa Python, lugha nyingine ya kuprogramu. Kwa PHP ningeifanya nimefumba macho, ila nilikuwa natafuta kisingizio cha kujifunza Python siku nyingi, nikakubali.

Nikajipa wiki moja. Lupu najua, masharti najua, fanksheni najua, nini tena? Kozi za mtandaoni zinaanza na "kompyuta ni nini", nikaziruka zote. Siku ya kwanza nikaandika skripti ya mistari kama 60, ikakubali. Siku ya pili nikaanza kumcheka kijana. Siku ya tatu nikatuma SMS.

Faili la madeni ni CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi ya kawaida), lina safu ya deni. Asiyedaiwa kaandikiwa 0. Nikaandika kama nilivyozoea:

```
if deni:
    tuma_sms(simu, deni)
```

Sasa, kila unachosoma kwenye CSV kinakuja kama maandishi. Kwa hiyo kinachopimwa pale si namba sifuri, ni "0" ya maandishi. PHP ukiipa "0" ya namna hiyo inasema si kweli, inaruka mstari, inaendelea na safari. Python swali lake kwa maandishi ni moja tu: ni matupu au si matupu? "0" ina herufi moja ndani, si tupu, basi ni kweli. Watu wote waliokwisha kumaliza madeni yao wakaamshwa saa kumi na moja alfajiri na ujumbe huu: "Ndugu mteja, unadaiwa Sh 0. Tafadhali lipa mapema."

Mzee mmoja alifika godauni saa mbili asubuhi na risiti zake zote tangu Januari, kazifunga kwenye rambo. (Rambo zimepigwa marufuku tangu 2019, ile sijui aliitunza wapi.) Hakugomba. Alizipanga moja moja juu ya meza ya mizani, akaniambia, "Kijana, nionyeshe hiyo sifuri iko wapi nikulipe."

Tangu siku hiyo nimebadilisha kabisa ninavyojifunza, ndiyo maana nimeleta uzi.

Wote tunajua samaki mmoja ana majina mengi. Huku tunaita dagaa, Kisumu wanaita omena, Uganda wanaita mukene. Hilo halimsumbui mtu, unauliza mara moja unakariri. PHP naandika `$`, Python haina. PHP nafunga kwa mabano ya mawimbi, Python inasogeza mstari ndani. Mchana mmoja yameisha. Shida ni jina moja kubeba samaki wawili. Ukimwambia mtu wa Dar "nakuletea dagaa", yeye kichwani ana dagaa wa Kigoma, wa Ziwa Tanganyika, ambaye ni samaki mwingine kabisa na bei nyingine. Umemletea wa kwetu, hujadanganya, na bado mmegombana. `if` ya PHP na `if` ya Python ni dagaa na dagaa.

Na hapa ndipo anayejua kuprogramu anapoumia kuliko mgeni. Mgeni anasoma kila mstari kwa woga. Sisi tunaona neno tunalolijua, jicho linapita.

La pili lilinila siku mbili. Tazameni:

```
def pokea(gunia, orodha=[]):
    orodha.append(gunia)
    return orodha
```

Mtu wa PHP hapa haoni tatizo. Hukunipa orodha, naanza na tupu. PHP kila ukiita fanksheni inakupa orodha tupu mpya. Python inaitengeneza ile orodha mara moja tu, pale inapousoma huo mstari wa `def`, halafu inakutunzia hiyo hiyo maisha yote ya programu. Mfanyabiashara wa kwanza alileta magunia 12, risiti yake ikatoka sawa. Wa pili alileta 5, risiti ikaandika 17. Wa tatu, 3, ikaandika 20. Na kosa nililiona pale pale lakini sikujua nitazame wapi, maana mstari wenye kosa ndio niliouamini kuliko yote. Nilikuwa nashuku mizani! Nikamtuma kijana akapime gunia la chumvi.

Dawa yake ni kuandika `orodha=None`, halafu ndani unaweka orodha mpya kama haikuletwa. Wenyeji wa Python wanalijua hili tangu zamani, ni kama shimo la barabarani mtaani kwenu: wewe unalikwepa bila kufikiri, mgeni ndiye anayevunjia springi.

La tatu kwa kifupi: tarehe. Kwenye PHP nilishaweka majira ya Dar es Salaam kwenye mipangilio miaka hiyo, nikasahau. Python ikafuata saa ya seva, na seva iko kwenye UTC (saa ya kimataifa), saa tatu nyuma yetu. Mzigo uliopimwa saa nane usiku ukaingia ripoti ya jana. Boti za visiwani zinafika muda wowote, kwa hiyo karibu kila siku kulikuwa na magunia yanayorudi nyuma. Ukitumia `zoneinfo` na "Africa/Dar_es_Salaam" yanaisha, ipo ndani ya Python kuanzia 3.9.

Sasa ninavyofanya. Nimeacha kujifunza kwa kazi mpya. Nimechukua hesabu za miezi mitatu ambazo PHP ilishazipiga, kila risiti, kila deni, nikaziandika upya kwa Python, halafu skripti nyingine ndogo inalinganisha majibu mstari kwa mstari. Palipotofautiana ndipo pana dagaa wawili. Nakaa hapo mpaka nielewe, naandika kwenye daftari. Daftari la karatasi, ndiyo. Mpaka leo lina kurasa nne na ni la maana kuliko kozi zote nilizoruka.

Kama umewahi kuhama lugha, hata iwe JavaScript au Bash, tupia hapa jina lililokudanganya. Sitaki yale ya "lugha ipi bora", hayo yana nyuzi zake.

Nawasilisha.

---

Igombe_Moja

"Unadaiwa Sh 0, tafadhali lipa mapema" 😂😂 Mkuu umeniulia hapa kwenye daladala watu wananiangalia.

Ila siku hizi si unaiambia tu AI ikuandikie?

---

MtuWaMizani

Niliiambia mkuu. Ikaandika vizuri tu, `int(deni) > 0`. Mimi ndiye niliyeifuta nikaweka `if deni` kwa sababu niliona yake ni ndefu bila sababu.

---

DadaWaSkrini

Kaka MtuWaMizani, uzi mzuri, ila kwenye njia yako napingana na wewe.

Kuandika upya kazi ya zamani kunakupa majibu sahihi, sawa. Hakukupi lugha. Mimi nilitoka PHP kwenda JavaScript kwa njia hiyo hiyo, nikatoka na JavaScript yenye lafudhi ya PHP. Kila mahali lupu ya namba, `i = 0`, `i++`, kama vile hakuna njia nyingine ya kupita kwenye orodha duniani. Ilikuwa inafanya kazi miaka miwili mpaka nikaajiriwa sehemu, mkubwa wangu akausoma msimbo wangu akaniuliza kwa upole, "Dada, hii umeitafsiri?" Niliona aibu.

Nikitazama Python yako sitashangaa kukuta `for i in range(len(magunia))`, ile ile lupu ya namba. Sema ukweli.

Na jina langu lililonidanganya ni `sort`. Nilikuwa nampangia mtu bei kwenye duka la mtandaoni, kuanzia ya chini. Nikaandika `[9500, 12000, 8700].sort()`. Ikatoa 12000, 8700, 9500. JavaScript usipoiambia ulinganishe vipi inageuza kila kitu kuwa maandishi kwanza, halafu inapanga kama kamusi: 1 iko kabla ya 8, 8 kabla ya 9. Cha kuudhi, nilijaribu kwanza kwa 85, 87, 95, ikapanga vizuri, kwa sababu zote zina tarakimu mbili. Nikaenda kulala.

---

MtuWaMizani

Dada DadaWaSkrini, nimefungua faili sasa hivi. `range(len(` ziko saba. Nakiri.

Kuhusu lafudhi sibishi. Mimi ni Msukuma wa Magu, nyumbani kwetu bibi alikuwa hana tofauti ya kula na kura, na mwaka wa uchaguzi ilikuwa burudani. Lakini alikuwa anaeleweka sokoni na hajawahi kupunjwa. Lafudhi nitaitoa polepole kwa kusoma msimbo wa wenyeji. Kwanza kabisa nataka hesabu za mama wa watu ziwe sawa.

---

DadaWaSkrini

Basi soma wenyeji tangu leo, si baadaye. Lafudhi ikikaa haitoki. Muulize bibi.

---

Mzee_wa_Perl

Vijana, hamjambo.

Mimi niliingia kwenye hii kazi kwa Perl, halafu PHP, sasa nasoma Python nikiwa na miwani. Hizo alama za `$` mnazoziona kwenye PHP nyumbani kwake ni Perl, ya 1987, kabla PHP haijazaliwa. Aliyeitengeneza, Larry Wall, alisomea isimu, na ukiitazama lugha yenyewe unaona ni kazi ya mtu aliyezoea lugha za watu: neno lile lile linabadilika maana kufuatana na lilikokaa kwenye sentensi.

Mfano:

```
my $n = @magunia;
my ($n) = @magunia;
```

Tofauti ni mabano tu. Mstari wa kwanza unakupa idadi ya magunia. Wa pili unakupa gunia la kwanza. Nilihamisha msimbo wa mtu mwingine kwenda PHP bila kuyajali yale mabano, nikampa bosi "idadi" ambayo ilikuwa jina la mteja.

Kwa hiyo MtuWaMizani, dagaa wako wawili mimi niliwakuta kwenye chombo kimoja, lugha moja, mistari miwili inayofuatana.

Swali langu: kwenye Python nikiandika `kesho = leo`, na `leo` ni orodha, nikifuta kitu kwenye `kesho` na `leo` inapungua. Nimekosea wapi?

---

MtuWaMizani

Shikamoo mzee.

Hujakosea, ndivyo ilivyo. PHP ukiandika `$kesho = $leo;` na ni orodha, umepata nakala, ukikata huku kule hakuguswi. Python haikupi nakala, inakupa jina la pili la kitu kile kile. Ni kama mtoto anaitwa Masanja shuleni na Paulo kanisani: ukimchapa Masanja, Paulo naye analia. Ukitaka nakala iombe, `kesho = leo.copy()`. Na kama ndani ya orodha kuna orodha nyingine, `copy()` inanakili ya juu tu, za ndani mnabaki mnachangia. Hapo unahitaji `copy.deepcopy`. Ukurasa wa pili wa daftari langu huo.

---

Mzee_wa_Perl

Marahaba. Masanja na Paulo nimeelewa. Vitabu vyao vingeandika hivyo tungekuwa mbali.

---

Omena_Kisumu

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa.

Mimi nilitoka Python nikaenda Ruby, kazi ilinilazimu. Kule sifuri ni kweli! Si "0" ya maandishi pekee, hata 0 ya namba. Ruby inavijua viwili tu kama si kweli, `nil` na `false`, vingine vyote hata maandishi matupu ni kweli. Nilikuwa nimeandika `if idadi` nikidhani samaki wakiisha stoo itajifunga yenyewe. Tukauza mbuta ambao hawako. Mbuta ni sangara kwenu.

Halafu kuna Lua, imetoka Brazil 1993, nayo orodha inaanza kuhesabiwa kwa 1, si 0. Jina lake kwa Kireno ni mwezi.

---

Igombe_Moja

Lugha inaitwa Mwezi mnataka kuileta kwa watu wa dagaa? Mbalamwezi ikitoka huku karabai zinazimwa, watu wanashona nyavu. Hiyo wapelekeeni wenye vizimba vya sato.

---

mjuzi_wa_koma

Mkuu MtuWaMizani, masahihisho madogo kwa faida ya wasomaji. Umesema PHP inaichukua "0" kuwa si kweli. Sawa. Lakini "0.00" PHP inaichukua kuwa kweli, na "0.0" pia, na "00" pia. Ni ile "0" peke yake na maandishi matupu. Kwa hiyo siku kijana wako akianza kuandika madeni kwa senti, PHP yako unayoiamini nayo ingetuma SMS.

---

MtuWaMizani

Nimeijaribu sasa hivi. Ni kweli kabisa. Miaka tisa sikujua. Naongeza ukurasa wa tano, na wa tano ni wa PHP.

---

MgeniKodi

Samahani wakuu, mimi nasoma chuo, najua C kidogo tu. (Na kodi ninayosema si ya TRA.) Hii njia ya kulinganisha hesabu za zamani mimi siwezi, sina kazi za zamani. Nianzie wapi?

---

DadaWaSkrini

Mdogo wangu, unazo. Mazoezi yako yote ya C ya mwaka wa kwanza ni kazi za zamani na majibu unayajua. Anza na hili dogo: andika kwa C `-7 / 2`, halafu kwa Python `-7 // 2`. C itakupa -3, Python -4. C inakata kuelekea sifuri, Python inashuka kwenda chini. Halafu jaribu `-7 % 3`, yaani salio la kugawanya, kote kote. Ukishaeleza kwa maneno yako kwa nini majibu hayafanani, rudi hapa tukupe lingine.

Na fungua Python yenyewe, ile yenye mishale mitatu `>>>`, uwe unaijaribia mle. Usibishane na mtu jambo unaloweza kuliuliza pale kwa sekunde tatu.

---

MgeniKodi

C: -3 na -1. Python: -4 na 2. Sijaelewa ila nimeona. Nakuja.

---

MtuWaMizani

Wakuu, mrejesho.

Jana usiku nimemaliza kulinganisha miezi mitatu. Tofauti zote nimezielewa isipokuwa siku nne ambazo Python ilikuwa inagoma katikati, inakataa kuendelea kabisa. Nikakasirika, nikasema hii lugha ina maringo, PHP faili hilo hilo inalisoma bila kelele.

Nikaenda kwenye mstari wenyewe. Mzigo wa lori, kilo 1,250. Umeandikwa na mkato katikati. Python ukiiambia `float("1,250")` inakataa, inasema hii si namba, inasimama. Nikaenda kwenye PHP yangu ya zamani, pale nilipoandika `(float)$kilo`. PHP inasoma 1, inakutana na mkato, inaacha pale pale, inasonga mbele. Kilo 1,250 zimeingia kama kilo 1. Bila onyo, bila chochote.

Mama analipwa ada ya stoo kwa kilo. Mizigo minne, miezi mitatu, kila mmoja wa zaidi ya tani moja, kila mmoja umetozwa ada ya kilo moja.

Kijana wa mizani ndiye anayeweka mkato, si wote, yule wa zamu ya usiku tu. Simlaumu, mwalimu wake wa hesabu alimfundisha vizuri.

Leo asubuhi nimekwenda godauni kumweleza mama. Alikuwa anapokea mzigo, hakukaa chini. Nikamwonyesha ile karatasi ya mistari minne. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya kitenge. Akaniuliza swali moja tu: "Na mwaka jana?"

Faili za mwaka jana ziko kwenye flashi, na flashi iko nyumbani kwangu Buhongwa kwenye droo. Ndiyo naishukia sasa hivi.